Anayenunuliwa na Anayeachwa: Visanamu vya Vita Kutoka San Jacinto Hadi Tanga

Pearland iko kusini mwa jiji la Houston, mwendo mfupi wa gari kutoka uwanja wa vita wa San Jacinto. Hapo, tarehe 21 Aprili 1836, jeshi la Sam Houston lenye watu wapatao 900 lilishambulia jeshi la Jenerali Santa Anna lenye watu kama 1,300. Mapambano yenyewe yalikwisha kwa dakika 18, na Texas ikajitenga na Mexico. Vita hivyo bado vinapiganwa hadi leo, lakini mezani. Wapiganaji ni watu wazima wenye dadu, utepe wa kupimia, kitabu cha kanuni na visanamu vya askari vyenye kimo cha milimita 28 hivi, vilivyopakwa rangi kwa brashi nyembamba kama unywele.

Katika makala haya tunauliza swali moja: wachezaji wa vita vya mezani huamuaje visanamu vya kununua na kukusanya? Kwa mtazamo wa kwanza hili ni swali la duka na mfuko wa mtu. Lakini sisi wanafunzi wa Kiswahili, tulipolifuata hadi vita vya kwetu Afrika Mashariki, tuliona kwamba ni swali la historia. Kabla dadu halijarushwa, mnunuzi ameshaamua nani alikuwepo vitani na nani hakuwepo.

Mchezo huu una ukoo mrefu. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aliyeitwa von Reisswitz alichapisha kanuni za Kriegsspiel, mchezo wa kufundishia maofisa ambao vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo juu ya ramani. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutengeneza askari wa risasi wenye uwazi ndani, wakawa wepesi na wa bei nafuu, na nyumba za watu wa kati zikajaa majeshi. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kupigana kwa askari hao sakafuni. Mwaka uliofuata vita vya kweli vililipuka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mafundi kama Jack Scruby wa California walianza kumimina visanamu mahsusi kwa wachezaji, na katika miaka ya 1970 Texas nayo ilikuwa na kiwanda chake, Heritage, kule Dallas.

Tangu siku za Wells, sababu za kununua hazijabadilika sana. Ya kwanza ni wenzako. Hakuna faida kununua jeshi la Warumi ikiwa mtaani kwenu kila mtu anapigana vita vya Napoleon, wala kununua visanamu vya milimita 15 ikiwa wenzako wana vya milimita 28. Ya pili ni kanuni. Vitabu vingi humpa kila mpiganaji thamani ya pointi, na wachezaji wawili hukubaliana jumla ya pointi kabla ya kuanza, kwa hiyo mnunuzi hutafuta anayeua sana kwa pointi chache. Ya tatu ni fedha na muda, kwani kisanamu kinunuliwacho leo kinangoja kupakwa rangi, na wachezaji wengi wana masanduku ya visanamu ambavyo havijawahi kuonja brashi. Ya nne ni sare: kofia yenye shungi humvuta mnunuzi kuliko shati lililochakaa. Ya tano ni hadithi, yaani filamu aliyoiona, kitabu alichokisoma au babu yake aliyepigana. Ya sita imezizunguka zote: mtu hununua kile ambacho mtengenezaji ameamua kukimimina.

Kuna hesabu nyingine ambayo mgeni wa mchezo huu haioni. Kwa kuwa hakuna meza inayoweza kubeba watu 900 kwa 1,300, kisanamu kimoja husimama badala ya watu wengi. Tuseme kimoja kwa watu 20. San Jacinto itahitaji visanamu 45 upande wa Texas na 65 upande wa Mexico, na mtu mwenye subira atavimaliza kuvipaka rangi kwa miezi michache. Lakini upande wa Texas kulikuwa na kikosi cha Juan Seguín, Wameksiko wenyeji wa Texas wapatao 20, ambao walipigana dhidi ya Santa Anna. Kwa hesabu hii wanakuwa kisanamu kimoja. Mnunuzi akikisahau kwenye orodha yake, watu wote wale wamefutika, na vita vinabaki kuwa vya watu wa jamii moja dhidi ya jamii nyingine. Kosa dogo la dukani limegeuza maana ya siku nzima.

Sasa tuvuke bahari kwa hesabu hiyohiyo. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza Fox iliingia Tanga na kuutaka mji usalimu amri. Nyuma yake zilikuja meli zenye jeshi kutoka India, watu wapatao 8,000, wakashuka upande wa Ras Kasone. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4. Paul von Lettow-Vorbeck, akiwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, aliwarudisha wavamizi hadi kwenye meli zao. Waliacha nyuma bunduki mamia na risasi zaidi ya nusu milioni. Katikati ya mapigano makundi ya nyuki yaliyotibuliwa yaliwavamia wapiganaji, na hata leo Waingereza huviita vita vile vita vya nyuki.

Jiweke basi mahali pa mchezaji wa Pearland anayetaka kuipanga Tanga mezani. Upande wa Mjerumani utamgharimu visanamu 50. Upande wa Mwingereza utamgharimu 400, vingi vyao vya vikosi mbalimbali vya Kihindi. Ikiwa kisanamu kimoja kinamchukua saa moja kukipaka rangi, upande mmoja ni kazi ya wiki chache za jioni, na mwingine ni kazi ya mwaka mzima au zaidi. Si ajabu kwamba jeshi la Lettow-Vorbeck linapendwa. Ni dogo, ni rahisi kukamilisha, lilishinda mara nyingi, na kiongozi wake alitengenezewa sifa ya mtu asiyeshindwa kwa kuwa alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Mvuto wake mezani, kwa sehemu, ni mvuto wa bei.

Visanamu vyenyewe vipo. Kuna mafundi wanaouza askari wa Schutztruppe na wa King's African Rifles. Kwa vita vya karne ya 19 iko seti mashuhuri ya Foundry ya Uingereza iliyochongwa na Mark Copplestone, yenye Wazanzibari, ruga-ruga na Wamasai. Seti hiyo inaitwa Darkest Africa, jina linalotukumbusha kitabu cha Stanley cha mwaka 1890. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu kuona maneno kama askari na ruga-ruga kwenye pakiti zinazouzwa Texas. Kisha atakumbuka kwamba anayeuziwa ni Afrika kama ilivyoonekana na Stanley, si kama ilivyoonekana na mtu aliyembebea Stanley mizigo yake.

Na hapa ndipo penye jambo. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota, na reli zilikuwa chache. Kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa lilikwenda vitani juu ya kichwa cha mtu. Tukadirie mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25, anayekula kilo moja ya unga kwa siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, karibu mzigo wote ameula mwenyewe. Ndiyo maana kila askari aliyesonga mbele alihitaji nyuma yake wapagazi, na wapagazi wale walihitaji wapagazi wengine. Waingereza peke yao, katika makoloni yao mbalimbali, walikusanya watu wapatao milioni moja kwa kazi hii, wengi kwa nguvu, hasa katika msako mkubwa wa mwaka 1917. Waliokufa, kwa hesabu iliyoandikwa, ni karibu 45,000, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo mno. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa.

Kwa kipimo cha kimoja kwa 20, hao 45,000 peke yao ni visanamu 2,250. Hakuna meza Pearland ya kuwabeba.

Si kwamba wapagazi hawatengenezwi, wanauzwa. Ila mpagazi hapigani, kwa hiyo kwenye kanuni za pointi hana faida, na kwenye orodha ya ununuzi huja mwisho, kama pambo la kuipendezesha meza. Mchezaji wa Tanga hawezi kuwasahau nyuki, kwa sababu nyuki ni kisa kitamu. Mpagazi husahaulika kwa sababu kazi yake ilikuwa ya kila siku.

Tusimlaumu mchezaji peke yake, maana serikali zilifanya hivyohivyo kwa sanamu kubwa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya askari mmoja mwenye bunduki. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Fundi ni yuleyule, James Alexander Stevenson. Tofauti ni uamuzi wa nani aingizwe. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa.

Lugha yetu imewatunza zaidi. Askari alilitoa neno lake kwa wageni, likaingia katika vitabu vyao na pakiti zao. Mpagazi alilichukua jina la Kiingereza la kikosi chake, Carrier Corps, akalitia katika Kiswahili. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi yake, na Kariokor ya Nairobi ni jina lilelile kwa matamshi mengine. Kila anayekwenda Kariakoo kununua kitenge anamtaja bila kujua.

Basi tuna ombi kwa wenzetu wa chama wanaocheza, na kwa wale wanaoalikwa mezani na marafiki zao wa Kimarekani. Mnapopanga vita vya Afrika Mashariki, ongezeni kanuni moja: kikosi kisicho na wapagazi kisisogee, na wapagazi wakipungua, risasi nazo zipungue. Haitaharibu mchezo. Itampa mnunuzi sababu ya kuwanunua, kwa kuwa tumeona kwamba mchezaji hununua kile ambacho kanuni inakithamini. Atawapaka rangi mmoja mmoja, saa moja kwa kila mmoja. Jamaa zao wengi hawakupata hata jiwe la kaburi. Saa moja ya mtu wa Pearland kumwangalia mpagazi usoni si haba.