Tales of Kenzera: ZAU – Gemu ya Msee Aliyempoteza Mbuyu Wake, na Iko na Kiswahili

Umezoea gemu za kumwaga risasi ama kufunga mabao? Hii iko tofauti, mazee. Hapa unapigana, ndio, lakini adui mkubwa ni uchungu wa kufiwa. Cheki vitu za kujua kabla hujaiweka.

Nani aliitengeneza?

Ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye damu ya Kenya. Kama ulicheza Assassin's Creed Origins ya 2017, sauti ya Bayek ilikuwa yake. Kwa House of the Dragon ndiye Alyn. Mzee wake aliaga, na miaka kama kumi baadaye bado alikuwa anatafuta njia ya kuongelea hiyo kitu. Akaanzisha Surgent Studios, na gemu ikatoka tarehe 23 Aprili 2024 chini ya EA Originals.

Stori ni gani?

Zuberi ni kijana wa mji unaoitwa Amani. Mbuyu wake amedaa, ameachiwa kitabu tu. Akikifungua anakutana na Zau, mganga kijana ambaye pia amefiwa na babake. Zau anaenda kwa Kalunga, mungu wa kifo, anapiga dili: nikuletee roho tatu kubwa, unirudishie mzee. Kama umewahi kuzika mtu wako, hiyo dili unaijua. Hata wewe ungeitia sahihi usiku huo huo.

Inachezwaje?

Unaruka, unapanda, unatafuta njia kwenye ramani kubwa. Uko na vinyago viwili vya mzee: cha Jua kwa moto na ngumi za karibu, cha Mwezi kwa kurusha kutoka mbali. Ujanja ni kubadilisha haraka, la sivyo unalambishwa sakafu.

Huzuni imeingizwa wapi?

Hapa ndipo Salim na timu yake walicheza kama wao. Aina hii ya gemu hukurudisha mahali ulishapita, lakini safari hii uko na nguvu mpya. Si ndivyo kufiwa kulivyo? Unadhani umemalizana nayo, halafu unapatana na shati lake kwa kabati.

Kitu ingine ni mibuyu. Zau akifika chini ya mbuyu anakaa, anaongea na Kalunga kuhusu vile anaskia ndani. Akiinuka, uhai wake umeongezeka. Kwa gemu nyingi nguvu inatoka kwa kuua. Hapa unaipata pia kwa kukaa chini na kusema ukweli. Na wewe msee wa Sheng unajua "mbuyu" ni nani. Sidhani kama walipanga hivyo, lakini imeweza.

Kiswahili je?

Iko. Wahusika wanaongea Kiswahili ukichagua kwenye mipangilio ya sauti. Usiicheze kwa Kizungu kwanza, utajinyima.

Ilipokelewaje?

Kwenye The Game Awards 2024 iliteuliwa kitengo cha gemu zenye mguso kwa jamii, lakini Neva ikabeba. Mwaka uliofuata BAFTA wakaipa tuzo ya gemu inayovuka burudani. Ila sifa hailipi mishahara: 2024 hiyo hiyo studio ilitangaza kupunguza wafanyakazi.

Utaipata wapi?

PS5, Xbox Series X na S, Nintendo Switch na kompyuta.

Ni ya nani basi?

Ni yako wewe uliyeambiwa "jikaze, wewe ni mwanaume" kabla hata mchanga haujakauka. Kwetu matanga hujaa watu, chai na nyimbo, halafu wiki mbili baadaye simu inanyamaza na unabaki na kiti kitupu. Gemu haitamrudisha mzee. Lakini ukiwa chini ya ule mbuyu, kontrola mkononi, hakuna mtu atakuharakisha uinuke. Na ukimaliza, pigia yule beshte wako aliyefiwa mwaka jana. Muulize tu anaendeleaje.