Kutoka Mkono hadi Kihisi: Historia ya Kuchuja na Kufuatilia Ubora wa Pamba katika Mpaka wa Busia na Tororo

Utangulizi

Katika uhandisi wa nguo, kuchuja ni kutenga kisichotakiwa na kinachotakiwa, iwe ni vumbi hewani au takataka ndani ya pamba. Kufuatilia mchakato ni kupima kila hatua ya kazi inapoendelea, ili kasoro igunduliwe kabla bidhaa haijaharibika. Kazi hizi ni sehemu ya taaluma inayofundishwa katika Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 kando ya barabara ya Jinja kwenda Tororo, katika wilaya ya Busia ya Uganda. Upande wa Kenya, taaluma hiyo ina makao yake Eldoret, katika Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kilichukua kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka huohuo wa 2007. Makala hii inaeleza kuwa kuchuja na kufuatilia ubora kulianza katika eneo hili muda mrefu kabla ya maabara hizo. Kwamba msamiati wa kazi hiyo ulikuwa wa Kiswahili. Na kwamba kudhoofika kwa msamiati huo kuna gharama ambayo mashine haiwezi kuilipa.

Zao moja, mpaka mmoja

Hadi mwaka 1902, maeneo ambayo leo ni Busia ya Kenya, Busia ya Uganda na Tororo yote yalihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Mwaka huo Mkoa wa Mashariki wa zamani ulihamishiwa himaya jirani, ambayo baadaye ikawa Kenya, na jamii za Wasamia na Wateso zikabaki pande zote mbili za mpaka. Mwaka uliofuata, Kenneth Borup wa kampuni ya Uganda Company aliingiza mbegu za pamba kutoka nje. Zao hilo lilienea upesi, lakini mbegu za aina mbalimbali zilichanganyika, na mashine ndogo za mkono za kuchambulia zilitoa nyuzi zisizolingana. Mwaka 1908 Gavana Hesketh Bell alitoa kanuni zilizoweka ugawaji wa mbegu chini ya serikali na kuziondoa mashine za mkono.

Kanuni hizo zilikuwa na sura mbili. Kwa mnunuzi wa Lancashire, zilikuwa udhibiti wa ubora. Kwa mkulima, zilimaanisha kwamba uchambuaji, pamoja na faida yake, ulihamia kiwandani. Tangu hapo mkulima aliuza pamba mbegu tu, na hatua ya pekee ya ubora iliyobaki mikononi mwake ilikuwa kuchagua. Reli iliyopitia Eldoret na Tororo hadi kufika Kampala mwaka 1931 iliimarisha mpangilio huo: marobota yalisafirishwa hadi bandari ya Mombasa, na nguo zikarudi kwa njia ileile.

Safi na fifi

Kuchagua huko kulikuwa na istilahi mbili: safi na fifi. Safi ni pamba nyeupe, kavu, isiyo na majani wala madoa. Fifi, neno linalokumbusha kitenzi fifia, ni pamba iliyobadilika rangi, iliyoliwa na wadudu au kuchafuka. Mkulima alitakiwa kuvuna na kuhifadhi kila daraja peke yake, na kila daraja lilikuwa na bei yake sokoni. Nyumbani watu walizungumza Kiteso, Kidhopadhola au Kisamia. Penye mizani maneno yalikuwa ya Kiswahili, Uganda kama ilivyokuwa Tanganyika.

Kwa jicho la mhandisi wa leo, huu ulikuwa mfumo kamili. Kulikuwa na kipimo, yaani jicho na kidole. Kulikuwa na kizingiti cha kutenga mema na mabaya. Na kulikuwa na mrejesho, yaani bei. Mkulima aliyelipwa bei ya fifi alijua msimu uliofuata alipaswa kurekebisha nini.

Mfumo huo ulidhoofika pamoja na zao lenyewe. Uganda ilizalisha takriban marobota 470,000 katika msimu wa 1969/70, lakini katika msimu wa 1987/88 yalibaki takriban 11,000 tu. Kenya ililegeza udhibiti wa biashara ya pamba mwaka 1991, na Uganda mwaka 1994. Ushindani ulileta wanunuzi wengi, lakini mnunuzi anayeogopa kupitwa na mwenzake hana subira ya kukagua gunia. Tanzania ni mfano ulio wazi: madaraja yalibaki kwenye kanuni, ilhali sokoni bei ikawa moja. Bei ikiwa moja, fifi hukosa maana.

Chujio la mashine na mipaka yake

Utafiti wa uhandisi umeingia katika pengo hilo. Mwaka 2008 Josphat Igadwa Mwasiagi wa Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Donghua, China, alichapisha kazi kuhusu matumizi ya mitandao ya neva bandia katika kutabiri urefukaji wa uzi kabla haujakatika. Thamani ya kazi ya namna hii ni kumwezesha msokotaji kukadiria ubora wa uzi kutokana na sifa za pamba na mipangilio ya mashine, kabla ya kupoteza malighafi.

Hata hivyo, uchafu wa pamba si wa aina moja. Majani na mchanga huondolewa na mashine za kusafishia. Vumbi hunyonywa na feni na kunaswa na machujio ya kitambaa. Yasipokuwepo au yakiziba, linaishia katika mapafu ya mfanyakazi. Ugonjwa wa bisinosi huanza kwa kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, dalili ambayo ni rahisi kuidhania uchovu. Aina ya tatu ni nyuzi za plastiki zinazotoka kwenye magunia ya kuvunia na kuhifadhia. Hizi hukatika vipande vidogo, hupita pamoja na pamba, hukataa rangi, na huonekana tu nguo ikiwa tayari. Kiwanda hakina chujio la uhakika dhidi yake. Chujio lake liko uani kwa mkulima.

Hitimisho

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Uamuzi huo utapimwa mahali pa kazi kama unavyopimwa darasani. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, bei mbili zirejeshwe chini ya majina safi na fifi, na fasili ya safi iongezewe sharti la kutokuwa na plastiki. Pili, tahadhari za vumbi na maelezo ya kubadilisha machujio viwandani viandikwe kwa Kiswahili, pamoja na lugha za wenyeji. Tatu, vyuo vya Busitema na Moi vishirikiane na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kusanifu istilahi za uhandisi wa nguo, zikianzia na maneno ambayo wakulima wanayo tayari. Kihisi kinaweza kuonyesha kwamba uzi una kasoro. Kuizuia kasoro hiyo kunamhitaji mtu aliyeelezwa, kwa lugha anayoielewa, nini kitengwe na kwa nini.