Ricardo Gomes: Nahodha wa Brazil aliyerejea kazini baada ya kiharusi

JUMAPILI ya Agosti 28, 2011, mahasimu wawili wa jiji la Rio de Janeiro, Vasco da Gama na Flamengo, walikuwa wakimenyana katika Uwanja wa Engenhao. Kipindi cha pili kikiendelea, kocha wa Vasco, Ricardo Gomes, aliugua ghafla akiwa kando ya uwanja. Alikimbizwa hospitalini, ambako ilibainika kuwa amepatwa na kiharusi kilichotokana na damu kuvuja kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Ricardo Gomes Raymundo alizaliwa Rio de Janeiro Desemba 13, 1964. Alianza soka ya kulipwa katika klabu ya Fluminense mwaka 1982 akiwa beki wa kati, mrefu na mtulivu, hodari wa mipira ya juu. Akiwa na klabu hiyo alitwaa ubingwa wa jimbo la Rio mara tatu mfululizo, 1983, 1984 na 1985, pamoja na ubingwa wa Brazil mwaka 1984, timu ikiwa chini ya kocha Carlos Alberto Parreira.

Mwaka 1988 alihamia Benfica ya Ureno. Huko alitwaa ubingwa wa ligi mara mbili, msimu wa 1988/89 na ule wa 1990/91, na mwaka 1990 timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mjini Vienna, ikafungwa bao 1-0 na AC Milan. Mwaka 1991 alijiunga na Paris Saint-Germain (PSG) ya Ufaransa, alikotwaa Kombe la Ufaransa mwaka 1993 na 1995, Kombe la Ligi mwaka 1995 na, kubwa zaidi, ubingwa wa Ufaransa wa msimu wa 1993/94. Alirudi Benfica kwa msimu mmoja, akanyakua Kombe la Ureno mwaka 1996, kisha akatundika daluga.

Kombe la Dunia lamkimbia

Katika timu ya taifa, Gomes alikuwamo kwenye kikosi kilichotwaa Kombe la Amerika Kusini mwaka 1989. Mwaka uliofuata aliiongoza Brazil akiwa nahodha katika fainali za Kombe la Dunia nchini Italia. Brazil ilishinda mechi zake zote tatu za makundi, dhidi ya Sweden, Costa Rica na Scotland. Juni 24, 1990, mjini Turin, ikakutana na Argentina. Ilishambulia kwa muda mrefu bila kupata bao, hadi Diego Maradona alipompenyezea mpira Claudio Caniggia, aliyefunga bao pekee. Dakika chache baadaye nahodha wa Brazil alionyeshwa kadi nyekundu, na safari ikaishia hapo.

Miaka minne baadaye alitarajiwa kuwa nguzo ya ulinzi katika fainali za Marekani, chini ya Parreira yule yule aliyemfundisha Fluminense. Siku chache kabla ya mashindano, aliumia katika mchezo wa kirafiki dhidi ya El Salvador na kuondolewa kikosini. Ngome ya Brazil ilishikwa na Marcio Santos na Aldair, ambaye aliwahi kucheza naye Benfica. Julai 17, 1994, Brazil ikatwaa kombe hilo kwa kuishinda Italia kwa mikwaju ya penalti.

Kocha akiwa na miaka 31

Mwaka 1996 PSG ilimkabidhi timu akiwa na umri wa miaka 31 tu, naye akaifikisha fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya mwaka 1997, ambako ilifungwa 1-0 na Barcelona. Agosti mwaka huo PSG iliilaza Steaua Bucharest mabao 5-0 jijini Paris, baada ya kuhesabiwa kuwa imefungwa 3-0 katika mchezo wa kwanza kwa kumchezesha mchezaji asiyeruhusiwa. Mwaka 1998 aliondoka akiwa ametwaa Kombe la Ufaransa na Kombe la Ligi.

Huko nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 2004 timu ya vijana ya Brazil, iliyokuwa na Diego na Robinho, ilishindwa chini yake kufuzu kwa Michezo ya Olimpiki ya Athens baada ya kufungwa na Paraguay. Alirejea Ufaransa mwaka 2005, akaifikisha Bordeaux nafasi ya pili ya ligi mwaka 2006 na kuipa Kombe la Ligi mwaka 2007 kwa kuifunga Lyon 1-0. Baadaye alifundisha Monaco na Sao Paulo. Akiwa Sao Paulo, mwanzoni mwa 2010, alilazwa hospitalini kutokana na kiharusi chepesi, lakini aliendelea na kazi.

Juni 2011 aliipa Vasco Kombe la Brazil, la kwanza katika historia ya klabu hiyo. Miezi miwili baadaye yakamkuta yale ya Engenhao. Msaidizi wake, Cristovao Borges, alichukua timu na kumaliza msimu katika nafasi ya pili, pointi mbili nyuma ya Corinthians.

Kiharusi kilidhoofisha upande wa kulia wa mwili wa Gomes na kuathiri usemi wake. Mwaka 2013 alirudi Vasco kama mkurugenzi wa ufundi. Julai 2015, karibu miaka minne tangu augue, Botafogo ilimpa kazi ya ukocha ikiwa daraja la pili. Mwishoni mwa mwaka huo ilitwaa ubingwa wa daraja hilo na kurejea ligi kuu. Aliifundisha tena Sao Paulo mwaka 2016, na Septemba 2018 alirudi Bordeaux kama meneja, akisaidiana na Eric Bedouet, hadi walipoondolewa Machi 2019.