Kanada: Funzo la mfumo wa mishahara ulioanzishwa kwa pupa

Mwezi Februari 2016, serikali ya Kanada ilizindua Phoenix, mfumo wa kompyuta wa kulipa mishahara ya watumishi wapatao 290,000. Majaribio yaliyopangwa yalifutwa, na ndani ya miezi mitatu mfumo ulikuwa umefika katika idara zote zilizokusudiwa. Maelfu ya watumishi walipunjwa, wengine walizidishiwa, na baadhi hawakulipwa kabisa.

Mwaka 2018 serikali ilitangaza kuachana na Phoenix. Katika kutafuta mfumo mpya wa rasilimali watu unaoendeshwa katika wingu la intaneti, ilitumia mbinu nyumbufu, ambayo misingi yake ilitangazwa na wataalamu 17 katika jimbo la Utah, Marekani, mwaka 2001. Kwa mbinu hiyo, kazi hugawanywa katika hatua fupi, na kila hatua hujaribiwa na watumiaji kabla ya inayofuata. Kosa hubainika lingali dogo.

Hata hivyo, wingu halipunguzi kanuni za malipo za Kanada, zinazozidi 80,000. Ni lazima kila moja ijaribiwe, kwani mtumishi asiyelipwa hawezi kusubiri mfumo urekebishwe.