Gogo, Mvungu na Gitaa: Habari za Umbo Moja na Majina Yake

Lugha hupanga vitu kwa jinsi watu wavitumiavyo, na mara nyingi haijali jinsi vilivyoundwa. Jambo hili ladhihirika katika majina ya gitaa. Mwenyeji wa Lushoto atakaye gitaa la umeme lenye sauti nene na nyororo ana maneno ya kutosha kutaja kazi ya chombo hicho katika bendi. Lakini kile kiifanyacho sauti iwe nene, yaani umbo la tumbo lake, hana neno lililokubaliwa la kukitajia. Kwa hiyo huchagua kwa rangi, au kwa chapa iliyoandikwa kichwani mwa gitaa, au kwa ulimi wa mwenye duka. Makala haya yakusudia kueleza historia ya umbo moja, gitaa la umeme ambalo tumbo lake ni nusu tupu na nusu mti, na kulitafutia jina.

Jina lenyewe

Neno gitaa ni jamaa ya guitarra ya Kireno na qithara ya Kiarabu, na asili yao ni kithara ya Kiyunani. Lakini irabu ndefu ya mwisho yashuhudia kwamba Kiswahili kililipokea kwa midomo ya Waingereza, ambao wengi wao hawaitamki r ya mwisho, bali huirefusha irabu iliyoitangulia. Lau lingetoka kwa Wareno, tungetazamia r ibaki, kama ilivyobaki katika bendera na karata.

Gitaa lisilo la umeme huitwa gitaa kavu, kama wasemavyo Wakongo kwa Kifaransa. Wapigaji wa zamani huliita pia galatoni, kutokana na Gallotone, chapa ya magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini. Chapa hiyo ilifika hata Uingereza, na John Lennon alipiga gitaa la namna hiyo mwaka 1957. Magitaa ya umeme nayo hugawanywa kwa kazi: la solo, la ridhimu, la besi. Basi mgawanyo wa kwanza ni wa umeme, wa pili ni wa kazi. Mgawanyo wa umbo haupo.

Kwa nini haupo? Jibu, nadhani, limo katika historia ya bendi zetu.

Njia ya Tanga

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Kutoka Mombo barabara yapanda kwa Soni hadi Lushoto, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Kwa njia hiyo vilipanda vitu vingi vya pwani. Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza, na tangu hapo muziki ulipanda mlima bila kungoja gari.

Muziki wa Tanga ulikuwa na gitaa kila upande. Jamhuri Jazz, iliyoanza katika miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, na Atomic Jazz zilivuma kwa dansi. Katika taarabu, Black Star na Lucky Star, ambako ndiko Shakila alikopata sifa, zililiweka gitaa la umeme mahali pa heshima. Umeme nao uliongezeka: kituo cha Hale kilifunguliwa mwaka 1964 katika Mto Pangani, ambao hupokea maji ya Mkomazi na Lwengera yatokayo Usambara.

Lakini vyombo vya bendi hizo aghalabu havikuwa mali ya wapigaji. Vilikuwa vya chama, au vya mwenye bendi, au vya shirika, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji alikabidhiwa gitaa kama askari akabidhiwavyo bunduki: aliambiwa kazi yake, wala hakuulizwa juu ya umbo. Yamkini ndiyo sababu lugha yetu ina solo na ridhimu, lakini haina neno la tumbo la gitaa la umeme. Leo mpigaji hujinunulia mwenyewe, na pengo hilo lamgharimu fedha.

Gogo na mvungu

Magitaa ya kwanza ya umeme yaliyopendwa na wapigaji wa jazi yalikuwa magitaa ya tumbo tupu yaliyotiwa kinasa, yaani sumaku na waya uliozungushwa, chini ya nyuzi. Gibson ilitoa ES-150 mwaka 1936, na Charlie Christian (1916–1942) akaipa sifa. Sauti yake ilikuwa nene na ya upole. Lakini sauti ilipokuzwa sana, ile itokayo kwenye spika ilirudi tumboni, ikalitikisa, ikatoka tena, hata gitaa likapiga yowe lisilozuilika.

Dawa ya yowe ni kuondoa utupu. Mnamo mwaka 1940 Les Paul alichukua boriti ya msonobari, akaitia nyuzi na vinasa, kisha akaipachika ubavuni vipande viwili vya gitaa la kawaida ili ipate sura. Waliliita Gogo. Mwaka 1950 Fender ilianza kuuza gitaa la ubao mtupu. Magitaa hayo hayapigi yowe upesi, na sauti hudumu; lakini ncha ya sauti ni kali, na wengi huiona nyembamba.

Mwaka 1958 Gibson iliziunganisha njia mbili katika ES-335. Katikati, kutoka shingoni hadi mkiani, pana gogo la mti wa mepo. Kushoto na kulia pana utupu. Shingo ni ya mahogani, jamaa wa mkangazi wetu. Gogo huzuia yowe na kuidumisha sauti, na mbavu tupu huilainisha.

Msomaji atakumbuka chombo kingine cha namna hii: zeze la ubao na kibuyu. Ubao mzima hubeba nyuzi, na kibuyu kitupu hunenepesha sauti. Sisemi kwamba kimoja kilizaa kingine. Nasema kwamba swali ni moja, nalo lilikwisha jibiwa kwetu kabla ya umeme.

Kuchagua

Apigaye peke yake, kwa sauti ndogo, huweza kuchukua tumbo tupu. Wes Montgomery (1923–1968) alipiga gitaa la namna hiyo kwa kidole gumba. Apigaye katika bendi yenye ngoma na spika kubwa atafuate njia ya kati. Atazame ndani ya tundu: gogo lisipoonekana, chombo hicho ni kitupu, hata kikiwa chembamba. B. B. King alikuwa akijaza nguo katika matundu ya gitaa lake ili kuzuia yowe, na mwaka 1980 Gibson ilimtengenezea lisilo na matundu. Vinasa viwe vya waya pacha, ambavyo hufuta mvumo wa umeme. Kinasa kilicho karibu na shingo ndicho chenye upole zaidi. Nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa hupunguza mikwaruzo. Na kwa ukungu wa Lushoto, tumbo la mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka halipindiki upesi kama la ubao mmoja.

Majina

Napendekeza majina matatu: gitaa la gogo, gitaa la mvungu, na gitaa la nusu mvungu. Mvungu ni neno letu la kale kwa uwazi ulio ndani ya mti, na fundi hahitaji kufafanuliwa. Kuhusu sauti yenyewe, Waingereza husema ina joto. Tafsiri hiyo haifai: vuguvugu kwetu ni sifa ya mtu asiye na msimamo. Sauti hiyo kwa Kiswahili ni nene, nyororo, tulivu.

Huenda mafundi na wanakwaya wa Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae wana maneno bora kuliko haya. Msomaji ayajuaye ayalete, maana jina litumiwalo na wenye kazi lina haki kuliko jina lililobuniwa mezani.