Cheti cha Ndoa na Mpaka wa Busia



Nikahi hutimia kwa walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli. Karatasi si nguzo yake. Kwa nini basi tunahimiza cheti?

Tuitazame historia. Hadi mwaka 1902 Busia yote, Tororo na nchi ya mashariki hadi Naivasha zilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliukata upande wa mashariki wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili. Mwaka 1906 kila upande ulipata sheria yake ya kusajili ndoa za Kiislamu. Ile ya Uganda ilitaka ndoa isajiliwe ndani ya mwezi mmoja, lakini haikuibatilisha kwa kukosa kusajiliwa tu. Kenya iliifuta ya kwake kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, ikabakisha wajibu wa kusajili.

Kwa hiyo, bibi wa Tororo aliyeolewa Busia ya Kenya atafutwe Kenya, maana daftari hufuata mahali ilipofungwa nikahi.

Mume akifariki, mjane ana thumuni akiwa marehemu ameacha watoto, au robo akiwa hakuacha. Bila cheti ataithibitishaje ndoa ikiwa mashahidi nao wamefariki? Suratul Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuandika madeni, na mahari isiyolipwa ni deni.

Wanafunzi, waulizeni wazee wenu leo: nikahi ilifungwa wapi, lini, na nani? Andikeni.

Wabillahi tawfiq.