Kibarua, Saa na Kompyuta

Baadhi yetu hufanya kibarua cha wikendi kwenye ghala la bidhaa. Mkononi tunavaa kifaa kidogo kinachotuelekeza rafu ya kwenda na kuhesabu sekunde tunazotumia. Tulidhani ni mambo ya juzi tu, kumbe yana zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1885 kijana wa Kimarekani, Frank Gilbreth, alianza kujifunza uashi. Akaona kila fundi ana namna yake ya kuweka tofali, na hata fundi mmoja hubadili namna akiwa na haraka. Baadaye alihesabu miondoko 18 kwa tofali moja. Akabuni jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, matofali yakiwa karibu na mkono, ili fundi asiiname kila mara. Miondoko ikashuka hadi 5 hivi. Yeye na mkewe Lillian, aliyesomea saikolojia, waliwapiga filamu wafanyakazi huku saa ikionekana pembeni, na wakawafunga taa ndogo vidoleni ili njia ya mkono ibaki kwenye picha kama mstari wa mwanga. Kwetu sisi, hao ndio mababu wa kamera na vihisio vinavyofuata miili ya wafanyakazi leo.

Frederick Taylor yeye aliamini saa. Agosti 1911, katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, fundi mmoja wa kusubu chuma alikataa kupimwa kwa saa. Akafukuzwa, na wenzake wakatoka naye. Bunge la Marekani likachunguza, na mwaka 1915 likazuia fedha za jeshi kutumika kwa upimaji huo.

Lakini upimaji haukufa. Mwaka 1948 Harold Maynard na wenzake walichapa majedwali ya muda wa kila mwondoko: kunyoosha mkono, kushika, kuachia. Kipimo chao kimoja ni sekunde 0.036. Sasa mpangaji aliweza kukadiria muda wa kazi ambayo bado haijafanywa na mtu yeyote. Hesabu za namna hiyo kompyuta inazipenda. Siku hizi mhandisi huweka mtu wa kidijitali kwenye skrini, akamwinamisha na kumbebesha mzigo, akaona mgongo utakavyoumia kabla kiwanda hakijajengwa. Hilo hatulipingi hata kidogo.

Neno kibarua lenyewe ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili akalipwe. Kilisema amefika kazini, basi. Kifaa chetu kinasema mengi zaidi, ila si yote. Ghalani yupo mzee mmoja ambaye kila asubuhi, kabla hajaanza, huhamisha masanduku mazito kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Anachofanya ni jukwaa lile lile la Gilbreth. Kifaa huziandika dakika zake hizo kuwa za kukaa bure.